Jinsi Tulivyoinywesha Sakafu ya Mama

Likizo ya Agosti, nikiwa kidato cha pili, bwana afya alipanda ngazi za hoteli ya mama, akakanyaga sakafu mara mbili na kuandika kitu kwenye kitabu chake kabla hata hajaonja chai aliyopewa. Chai aliimaliza, hilo namshukuru. Kisha akasema plaiwudi hainywi sabuni, inakunywa mafuta ya samaki, kwa hivyo leseni haitatoka mpaka sakafu iwe ya kuoshwa. Akatupa wiki mbili.

Hoteli iko ghorofani, juu ya duka la vifaa vya ujenzi, karibu na stendi ya mabasi Kisumu. Nyumba ni ya zamani: chini mawe, juu boriti na mbao, na juu ya mbao mtu fulani alipigilia plaiwudi akaona amemaliza kazi zote za dunia. Tuna meza sita. Kabla ya hapo mama alikuwa akianika omena, dagaa wa ziwani, kule Usenge, tangu mimi nikiwa mgongoni. Alisema mara moja tu, bila kupaza sauti, kwamba hoteli ikifungwa atarudi huko, na mimi nitakaa kwa shangazi, mtaa wa Migosi.

"Mgongo wangu umechoka kuinama," alisema, akaendelea kugeuza samaki.

Basi ikawa ni vigae. Mzee wa duka la chini, Mwislamu ambaye babake alitoka Pwani na Kiswahili chake bado kimepigwa pasi, alimuuzia mama vigae pamoja na debe la gundi.

"Gundi hii ndiyo ya kubandikia juu ya mbao," alimwambia. "Ndani mna karatasi. Isomeni."

Angetuambia tutembee juu ya ziwa, tungeona ni rahisi zaidi. Maana sisi tuna fundi wetu. Ni baba mdogo, ndugu yake baba, anayeishi Asembo Bay. Kwetu mwanamke haiti fundi wa nje wakati shemeji yake ana mwiko wa uashi. Ni kama kutangaza sokoni kwamba ukoo wa mumewe hauna mikono. Na baba alikuwa kazini Nakuru, kwa hivyo hapakuwa na wa kumwambia ndugu yake neno. Baba mdogo akaja na pimamaji, ndoo mbili na kofia. Amejenga nusu ya nyumba za simiti za Asembo, na ile nusu nyingine atakueleza ilivyoharibiwa na walioijenga.

Alifungua debe, akanusa. "Shemeji, hii ni gundi ya viatu. Kigae inataka simiti na mchanga."

"Mwenye duka amesema..."

"Mwenye duka anauza. Mimi najenga."

Mama akarudi kwa samaki wake.

Karatasi niliiokota mimi. Ilikuwa ya Kiingereza, herufi ndogo kama mayai ya chawa. Mimi si mtu wa kuongea. Mwalimu akinitaja jina huwa natazama dawati mpaka achoke. Lakini kusoma nasoma. Niliitafsiri yote kwenye daftari hili ninamoandika, nikagundua kwamba kila kitu alichokuwa akifanya baba mdogo kimetajwa humo, chini ya mambo ambayo usifanye. Nikaiweka karatasi juu ya sanduku lake la vifaa, mahali ambapo asingekosa kuiona. Hakukosa. Aliifungia mandazi yake.

Ningeweza kusema. Nikaenda kuosha vikombe.

Kwa siku mbili alitandaza simiti na kupanga vigae, na nikiri kwamba vilipendeza, vyeupe kama meno ya mtoto. Kisha ikaja kazi ya kunywesha. Kila mtu kwetu anajua kwamba simiti mpya hunyweshwa maji wiki nzima, asubuhi na jioni, isije ikapasuka. Hakuna anayeuliza chini yake kuna nini, kwa sababu siku zote chini kuna mawe au udongo.

"Usiinyime maji," baba mdogo aliniambia, akinikabidhi mtungi. "Simiti ni kama mtoto mchanga."

Nami, ambaye nilikuwa nimeandika kwa mkono wangu mwenyewe kwamba mbao isiguswe na maji, nilimwaga mitungi mitatu asubuhi na mitatu jioni. Kwa adabu kabisa.

Siku ya tatu ya kunywesha mzee wa duka alipanda ngazi polepole. "Hodi, mama. Huku juu mnafua, au mmeanza kufuga samaki? Mifuko yangu minne ya simiti imelowa. Sasa nauza mawe."

"Hiyo ni jasho ya sakafu, mzee," baba mdogo akamjibu.

"Jasho la kujaza ndoo?"

Kesho yake plaiwudi ilikuwa imevimba kama mguu ulioumwa na nyuki. Karibu na jiko vigae vilikuwa vimeinuka na kuegemeana kama walevi wanaorudi nyumbani. Mama aliweka mguu, kimoja kikalia tak, kikavunjika. Baba mdogo aliviwekea pimamaji.

"Inajipanga," akasema.

Zilikuwa zimebaki siku sita. Mama alivua kiatu, akakaa kwenye kiti cha wateja, jambo ambalo sijawahi kumwona akifanya. Mzee wa duka, aliyekuwa amepanda tena, akauliza kama ile karatasi ilisomwa. Baba mdogo akaangalia dari.

"Mimi niliisoma," nikasema. Sauti ilitoka kama ya mbuzi.

Nikaleta daftari. Mama alisoma ukurasa wote, kisha akanitazama. Hakukasirika, na afadhali angekasirika. Alijifunga leso upya, akamgeukia baba mdogo.

"Shemeji, mwalimu wa huyu mtoto analalamika kwamba hasomi kwa sauti. Nisaidie. Kaa hapo asome, wewe umsahihishe."

Uongo mzuri kama huo sijausikia tena. Baba mdogo alikaa juu ya ndoo kama mkaguzi wa shule, nami nikasoma. Kwanza hakikisha sakafu hainesi ukikanyaga. Ongeza plaiwudi ya pili, viungo vyake visiangukie juu ya viungo vya ile ya chini. Tumia skrubu, moja kila shubiri, si misumari, maana misumari hupanda. Kati ya ubao na ubao acha mwanya mwembamba, na ukutani nusu kidole, kwa sababu mbao hutanuka. Futa vumbi. Paka gundi kwa mwiko wenye meno, kiasi utakachokifunika kabla hakijakauka. Usikanyage siku nzima, ndipo uzibe nafasi kati ya vigae. Maji usimwage.

Baba mdogo alitikisa kichwa kukubali kwa kila sentensi. "Ndivyo nilitaka kufanya tangu mwanzo," akasema nilipomaliza. "Lakini mliniharakisha."

"Tulikosea, shemeji," mama akasema.

Tukang'oa kila kitu, na plaiwudi iliyovimba ikaenda kuwa kuni. Vigae vilivyopona nilivikwangua simiti kwa kisu mpaka kucha zikaisha. Debe la gundi lilikuwa limeachwa wazi likakauka, mzee akaleta jingine pamoja na plaiwudi mpya, na wakati baba mdogo akifunga skrubu nami nikimsaidia kubandika vigae, alibaki amesimama hapo, eti anapunga upepo.

Siku ya mwisho bwana afya alikuja. Alirukaruka kwa visigino, akachutama, akaanza kugonga kigae kimoja kimoja kwa kalamu huku ametega sikio. Mama alikuwa ameshika kijiko kisichokuwa na kazi. Karibu na mlango kalamu ikatoa sauti ya debe tupu.

"Hiki hakijashika."

Baba mdogo akaingia na mhadhara. "Bwana mkubwa, hapa kuna plaiwudi mbili, skrubu kila shubiri, na ukutani nimeacha kidole kizima..."

"Nusu," nikasema.

Wote wakageuka. Masikio yangu yaliwaka moto.

"Nusu kidole, baba mdogo. Na hicho kigae nilibandika mimi. Gundi ilikuwa imeanza kukauka, nikaona haya kusema. Tutakitoa leo."

"Unajua kukitoa?" bwana afya akauliza.

"Najua."

Akaandika muda mrefu, akachana karatasi ya kibali kitabuni na kuiacha mezani. Mama aliisoma mara mbili, akaikunja na kuitia kifuani. Kisha akaniambia nilete kisu nianze na kigae changu, nikimaliza nioshe meza, watu wanataka kula.