Kiti cha Mbele cha Golf Nyekundu

Kiti cha mbele cha gari lile kilikuwa changu, na hilo lieleweke kabla sijasema neno jingine. Nilikipigania. Siku mume wangu Elinami alipolileta nyumbani Sakina likivutwa kwa kamba nyuma ya lori, lilikuwa na milango miwili, matairi yaliyokaa chini na injini iliyokufa. Nikamwambia pale pale, "Baba Princess, hili likitembea, mbele nakaa mimi. Asinisogeze mtu. Si dada zako, si mchungaji wenu." Akacheka, akaapa. Akiwa na furaha huwa anaapa haraka, na siku ile alikuwa na furaha ya kupitiliza.

Ilikuwa Golf GTI ya mwaka themanini na tatu, nyekundu, gari dogo lenye mlango wa nyuma unaofunguka kwenda juu. Mzungu mmoja wa mradi wa maji alikuwa akilitumia, likamfia, akarudi kwao na kuliacha uani kwa mwenye nyumba. Huo ulikuwa mwaka wa tisini na sita. Arusha ilikuwa imeanza kujaa magari madogo ya Kijapani yaliyopitia Dubai, na kila aliyepita gereji alimuuliza Elinami kwa nini anahangaika na chuma chakavu. Jibu lake lilikuwa moja tu: "Hili likiamka, hayo yenu yatapisha njia."

Elinami ni Mmachame, Mlutheri, mrefu, na mpole mpaka unamkasirikia. Mimi ni Kandida, Mkibosho, Mkatoliki, na huo upole sikugawiwa. Miaka kumi na miwili alifanya kazi kwenye karakana ya shirika moja la umma, akifungua malori na Land Rover, mpaka mageuzi yalipokuja, shirika likauzwa na mafundi wakaambiwa waende nyumbani. Wenzake wengine walikaa barazani wakilaumu serikali. Yeye alibeba spana zake, akasimamisha mabati manne kando ya barabara ya Nairobi, akaandika neno GEREJI kwenye ubao kwa rangi iliyobaki ya mlango wetu. Mwaka haukuisha, watu wakawa wanamletea magari kutoka Levolosi mpaka Sokon One.

Mji mzima ulimwamini, isipokuwa mtu mmoja, na mtu huyo ni baba yake mzazi.

Mzee Manase aliendesha lori la kahawa la chama cha ushirika kwa miaka thelathini. Ndiye aliyemfundisha Elinami kusikiliza injini kabla ya kuigusa. Sasa, mwaka wa themanini, dada wa Elinami aitwaye Anande alikuwa anaolewa, na Elinami, bado kijana, akapewa kazi ya kubadilisha oili kwenye pikapu ya kuazima ambayo ingempeleka bibi harusi kanisani. Akabadilisha vizuri, akasahau kukaza nati ya chini. Oili ikamwagika njia nzima, injini ikakwama katikati ya mlima, na Mzee Manase, na suti yake, akamshika binti yake mkono wakatembea kwenye tope mpaka kanisani huku wakwe wakiangalia. Alipofika alimgeukia mwanawe mbele ya watu wote, akasema, "Gari ulilolitengeneza wewe sitalipanda tena."

Na hakulipanda. Kila Krismasi tunapanda Machame, kwao mlimani Kilimanjaro, kama Wachaga wote wanavyorudi kwao, na kila Krismasi asubuhi mzee huvaa koti lake jeusi, hulipita gari la mwanawe bila kuliangalia, na kuanza kutembea kwenda kanisani. Elinami naye hawezi kumpita baba yake barabarani na kumwachia vumbi. Basi humfuata nyuma kwa gia ya kwanza, kilomita mbili za mlima, gari likichemka, sisi tumo ndani tumevaa vizuri kama maharusi, na majirani wamesimama kwenye migomba wanatazama. Mwaka wa tisini na tano mvua ilinyesha na bado mzee alitembea. Nililia kwa hasira. Elinami hakulia, ila tuliporudi Sakina alishinda gereji mpaka usiku siku mbili.

Ndiyo maana Golf ilipofika, nilijua hata kabla hajasema. Alipiga bodi kofi moja, akaniambia, "Krismasi hii atapanda."

Tangu Juni mpaka Novemba nilikaa na ile injini kuliko nilivyokaa na mume wangu. Aliishusha, akaifungua, akaipanga vipande vipande kwenye meza ya chakula, tukawa tunakula jikoni. Silinda zilikuwa zimelika. Pistoni mpya, kubwa kidogo kuliko za zamani, zilitoka Nairobi zikapita Namanga zimefungwa kwenye magazeti, na Elinami alizifungua taratibu huku Princess, binti yetu wa miaka minane, akimshikia mkasi. Miaka michache nyuma, pistoni kama zile ungezisubiri mpaka uzeeke. Mfumo wa mafuta wa kiwandani ulikuwa umeoza, akautupa, akafunga kabureta mbili alizozitoa kwenye gari la mashindano lililopinduka. Akapata pia kamshafti ya mashindano, inayofungua valvu zaidi ili injini ivute hewa nyingi. Nilijifunza hayo yote bila kutaka. Nilijikuta sokoni namweleza muuza nyanya habari za valvu.

Kazi ya kuchonga silinda aliifanya Loserian, Mwarusha wa Oldonyo Sambu, mwenye mashine yake jirani na sisi. Hao wawili wakikutana ni kama watoto. Siku ya kukwangua uso wa silinda hedi, kile kifuniko cha juu cha injini, ili mafuta na hewa vibanwe zaidi na injini ipate nguvu, nilikuwepo na chupa ya chai. Loserian akakwangua mara moja, akapima, akamtazama Elinami.

"Niongeze kidogo?"

"Kitabu kinasema tuishie hapo."

"Hicho kitabu kiliandikwa na watu wanaokaa karibu na bahari, rafiki yangu. Hewa yetu nyepesi. Ukibana kama wao, utapata nguvu nusu."

"Ongeza," mume wangu akasema, na macho yalikuwa yanamng'aa.

Iliwaka Jumamosi moja ya Novemba saa tano asubuhi. Mimi nilikuwa nakanda unga wa chapati. Nikasikia ikikohoa mara ya kwanza, mara ya pili, halafu ikanguruma, na vikombe vikacheza kabatini. Nilitoka mbio na unga mpaka kwenye viwiko. Loserian alikuwa anarukaruka pale uani, Princess ameziba masikio anacheka, na Elinami ameinamisha kichwa juu ya injini, anageuza kwa vidole distributa, kile kidude kinachogawa moto kwenye plagi, mpaka sauti ikatulia ikawa moja. Alipoinua uso nikambusu mbele za watu, unga na grisi vikachanganyika. Sikujali hata kidogo.

Kila Jumapili baada ya kanisa, yeye lake na mimi langu, tulilijaribu. Kutoka Sakina barabara yetu inapanda kwenda Ngaramtoni na Oldonyo Sambu, basi huko ndiko tulikokwenda, na mimi mbele. Jamani, lile gari! Ukikanyaga mafuta, mgongo unaganda kwenye kiti. Tulilipita basi la Namanga mlimani, tukazipita Kijapani mbili za kutoka Dubai, tena kwa gia ya tatu. Nilikuwa nafungua dirisha na kuwapungia mkono kama mke wa waziri. Wiki tano tulipanda mlima ule, na kati yetu hakuna aliyewaza kwamba njia ya kwenda kwa baba haianzi kwa kupanda. Inaanza kwa kushuka.

Tuliondoka tarehe ishirini na nne asubuhi. Tengeru safi, Usa River safi, Maji ya Chai tunaimba. Kadiri tulivyoshuka joto liliongezeka, na baada ya Kikatiti nikaona Elinami ameacha kuimba. Karibu na njia panda ya kwenda uwanja wa ndege nikasikia na mimi. Kila alipokanyaga mafuta, mbele kulikuwa na sauti ya kokoto kwenye kopo.

Alisimama kando ya barabara, akazima, akaweka kichwa kwenye usukani.

"Inagonga," akasema. "Huku chini hewa ni nzito. Tumeibana mno, na moto unawahi. Nikiendelea hivi natoboa pistoni kabla ya Boma Ng'ombe."

"Basi uilegeze hiyo hewa!" nikamwambia. Najua nilisema upuuzi, lakini nilikuwa nimeshaona picha yote: sisi tunavutwa kwa kamba kupanda Machame, mzee amesimama getini, na hata hatasema kitu, maana hatahitaji kusema. Mabasi yaliyojaa Wachaga yalikuwa yanatupita, na kila basi lilipiga honi. Nilitamani kuyarushia mawe.

Elinami alishuka, akafungua boneti, akasimama tu. Halafu akaanza kucheka. Nilidhani amechanganyikiwa.

"Mama Princess, unajua lori la baba lilikuwa na mistari miwili ya chaki pale kwenye distributa? Mmoja wa tambarare, mmoja wa mlima. Akishuka na kahawa anasimama Boma, anageuza kidogo ili moto usiwahi. Akirudi anageuza tena. Mimi ndiye niliyekuwa namshikia spana! Nimewezaje kusahau?"

"Sasa unangoja nini?"

"Sina chaki."

Nikafungua mkoba, nikampa rangi yangu ya kucha, nyekundu, mpya, niliyoinunulia Krismasi. Akachora mstari mmoja pale distributa ilipokuwa. Akalegeza nati, akawasha, akainamisha sikio na kuigeuza taratibu, magari yakipita, mpaka akaridhika, akachora mstari wa pili. Tukaondoka. Aliendesha kilomita nzima ametega sikio, nami nimeshika mlango. Hakukuwa na kokoto. Nguvu ilipungua kidogo, lakini injini iliimba mpaka Boma Ng'ombe, mpaka Kwa Sadala, na tulipoanza kupanda kwenye migomba na baridi ikaingia dirishani, alisimama akairudisha kwenye mstari wa kwanza. Tulipanda Machame kwa kishindo hata kuku wakakimbia.

Mzee Manase alikuwa amesimama getini. Alikuwa ametusikia tangu bondeni.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Fungua."

Elinami akafungua boneti. Mzee akaangalia zile kabureta mbili. Akaangalia distributa, akainama.

"Ilikugongea wapi?"

"Njia panda ya uwanja wa ndege, baba."

"Hii mistari ni ya nini?"

"Tambarare na mlima."

Mzee akagusa rangi kwa kidole. "Mimi nilitumia chaki," akasema, akaenda zake kuangalia ng'ombe. Jioni yote hakulitaja gari tena. Nilimchukia yule mzee kwa moyo wangu wote, Mungu anisamehe, tena mkesha wa Krismasi.

Asubuhi kengele ya kwanza ikalia. Mimi nilikuwa nimeshakaa kwenye kiti changu, gauni jipya, mikono mapajani. Mama mkwe na Princess walikuwa nyuma. Elinami alikuwa nje ameshika mlango, hajaingia. Mzee akatoka na koti lake jeusi, kofia na fimbo. Akaja mpaka mbele ya gari, na safari hii hakulipita.

Alimpa Elinami fimbo amshikie. Akapiga magoti kwenye majani yenye umande, yeye na umri wake na suruali yake ya Krismasi, akaingiza mkono chini ya injini. Mkono ulitafuta kule chini, ukatulia.

"Kuna waya hapa."

"Ndiyo, baba. Nati ya oili. Niliikaza, nikaifunga na waya ili isizunguke."

"Lini?"

"Siku ya kwanza. Kabla ya kufunga kitu kingine chochote."

Mzee akautoa mkono, akautazama. Akasugua kidole gumba kwenye vidole vingine. Vilikuwa vikavu. Akainuka kwa taabu, magoti yamelowa, akaja upande wangu, akafungua mlango.

"Mama Princess."

"Abee, baba."

"Hiki kiti ni cha nani?"

Nilikuwa nimekipigania kiti kile miezi sita. Nilishuka haraka mpaka nikapoteza kiatu. "Ni chako, baba," nikasema, nikajikunja nikapenya nyuma, nikabanana na mama mkwe, gauni likakunjamana, na mimi naangua kilio kama mtoto.

Mzee akaingia, akafunga mlango, akaweka kofia magotini. Elinami akawasha. Kanisa halikuwa mbali, dakika tatu tukawa tumefika, waumini wote wakageuka. Mtu wa kwanza kutuona alikuwa Anande, yule bibi harusi wa kwenye tope, na aliweka mikono yote miwili kichwani. Elinami akazima injini, akazunguka kumfungulia baba yake mlango.

Mzee hakushuka.

"Washa," akasema.

"Baba, kengele ya pili inalia."

"Nasikia. Mchungaji yupo mpaka mchana. Tushuke mpaka Boma, usimame, ugeuze kwenye ule mstari mwingine. Nitakushikia spana."