Barua ya Toba ya Wamae

Ndugu yangu Wamae hakurusha jiwe hata moja. Naanza na hilo kwa sababu hapa Nyeri hadi leo wako watu wanaomwita mrusha mawe, na baadhi yao nawashonea nguo.

Alikuwa wa kwanza katika ukoo wetu kuingia chuo kikuu. Alisomea uhandisi wa maji. Mwaka wa 1991 wanafunzi waliambiwa waanze kulipia masomo na chakula, kwa kuwa benki za ng'ambo zilizoikopesha serikali zilitaka hivyo. Mwaka huo kila mkubwa aligeuka mwalimu wa maadili. Mabwana wa benki walishuka kwenye ndege wakatufundisha kwamba taifa lenye heshima hulipa madeni. Redioni tukaambiwa kwamba mwanafunzi mwenye adabu hagomi.

Wanafunzi waligoma. Polisi wakawaingilia na virungu. Simiyu, kijana wa Bungoma aliyelala chumba kimoja na Wamae, alipasuliwa kichwa, na Wamae akambeba mgongoni hadi hospitalini. Hiyo ndiyo fujo yote aliyofanya ndugu yangu. Chuo kikafungwa, wakarudishwa makwao, na kila Jumatatu Wamae akawa anapiga ripoti kwa Chifu Kingori na kutia sahihi kama mwizi wa ng'ombe aliyeachiliwa kwa dhamana.

Kanisani kwetu, karibu na mtaa wa Skuta, Mchungaji Moffat naye alihubiri Jumapili mbili mfululizo juu ya dhambi ya kukopa bila kulipa, huku akimtazama Wamae.

"Dada, mimi nilikopa nini?" Wamae alininong'oneza. Nilimwambia anyamaze.

Kisha ikaja fomu. Aliyetaka kurudi chuoni alete barua mbili za kuthibitisha tabia yake, moja ya chifu na moja ya kiongozi wa dini. Chifu aliandika yake kwa dakika tano. Mchungaji alikataa. Kwetu, mtu akitajwa katika jambo baya hutengwa na Meza ya Bwana, mpaka asimame mbele ya waumini, ataje dhambi yake na kutubu.

"Siwezi kumwandikia mtu aliyetengwa," Mchungaji alisema. "Aje akiri."

"Nikiri nini?" Wamae aliuliza.

"Mawe."

"Sikurusha."

"Wote munasema hivyo."

Mama alilia wiki nzima. Mimi sikulia, nilikasirika. Niliacha shule darasa la saba ili karo ya nyumbani imtoshe yeye, na sasa alikuwa anatuletea kiburi.

"Wewe sema tu ulirusha," nilimwambia jikoni. "Ni dakika moja. Mungu anajua ukweli."

"Kama anajua, mbona niende kumdanganya kwake?"

"Ati kumdanganya! Mimi niliacha shule ndio wewe usome. Niko na nini ya kuonyesha, Wamae? Cherehani tu."

Jumapili iliyofuata Wamae alisimama mbele ya kanisa zima, macho chini, akasema alirusha mawe, tena akaomba msamaha kwa Mungu na kwa taifa. Wazee wakampa mkono. Mama alimkumbatia kama mtu aliyerudi kutoka vitani, nami nikamshukuru Mungu kwa sauti. Naona haya kuandika hivyo, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Mchungaji aliandika barua siku hiyohiyo. Mimi ndiye niliyeipeleka mjini ikapigwe chapa. Niliisoma mara mbili nikaona ni nzuri mno: Wamae amekiri mbele ya kanisa kwamba alirusha mawe siku ya ghasia, na ametubu kwa moyo wote. Hakuna hata mmoja wetu aliyefikiri. Tulidhani dhambi ikishatajwa imekwisha, na kwamba huko chuoni wataisoma barua kwa macho tuliyoisoma nayo sisi.

Kamati ya chuo ilikuwa na watu watatu. Mmoja aliinua barua akamuuliza Wamae kama aliyoandika Mchungaji ni kweli. Akisema si kweli, alidanganya kanisani. Akisema ni kweli, basi. Alisema, "Nilikiri." Walimfukuza kabisa, saa nne asubuhi, na kabla ya chakula cha mchana alikuwa amefungasha. Simiyu alirudishwa masomoni na bendeji yake kichwani. Mchungaji wake alikuwa ameandika mstari mmoja tu, kwamba kijana ni mtulivu.

Wamae alihamia Sagana. Anatengeneza pampu za maji za wakulima, na kazi yake ni safi. Kanisani hakuingia tena. Mama alikufa akiamini ni shetani aliyemzuia.

Mwaka wa 1995, nikiwa sipati usingizi kwa ajili ya jambo hili, nilienda kwa wazee wa kanisa. Niliwaeleza kwamba ndugu yangu hakurusha kitu, kwamba mimi ndiye niliyemsukuma aseme uongo, nikawaomba waandikie chuo barua nyingine. Walisikiliza kwa upole. Wakateta. Kisha Mchungaji Moffat akasema inawezekana, ila Wamae aje kwanza asimame mbele ya waumini atubu dhambi ya kudanganya madhabahuni.

Nilimpelekea habari hiyo Sagana. Alikuwa amepiga magoti kando ya pampu, mikono imejaa grisi. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Na hiyo pia," akaniuliza, "wataiandikia barua?"