Sovili

Tekla na mdogo wake Esnath walikulia Makongolosi, nyumbani kwa baba yao Aroni, mchimba dhahabu. Mama alishakufa, na Aroni akilewa, mpini wa sururu uliishia migongoni mwao. Ili asijue wanachosemezana, wasichana wale walijitungia lugha yao. Pesha, amelewa. Dogu, mlango. Neno walilolitumia zaidi lilikuwa sovili. Mwanzoni Tekla alikuwa akisema, "Sogea kivulini kwangu," yaani ujifiche nyuma yangu. Akaifupisha kuwa "sovulini", na Esnath, aliyekuwa na pengo la meno, akaitamka sovili.

Jioni moja Aroni alikuta ugali haujaiva. Akachukua panga.

"Sovili!" Tekla alipiga kelele.

Esnath alijibanza mgongoni kwa dada yake. Panga lilitua kwenye mkono wa kulia wa Tekla, likainuka, likatua tena. Damu ikamrukia Esnath machoni. Majirani walivunja mlango, wakampiga Aroni mpaka akazimia. Hospitalini mkono wa Tekla ulikatwa chini ya kiwiko. Aroni akafungwa.

Dada hao walihamia Iyunga, wakawa wanauza ndizi kando ya barabara kuu. Esnath alipojifungua mtoto wa kike, mchungaji aliuliza siku ya ubatizo, "Sovili? Hiki Kinyakyusa au Kisafwa?"

"Cha dada yangu," Esnath alijibu, akaeleza. Mchungaji akambatiza bila swali jingine.

Mwaka jana Aroni, akiwa ametoka gerezani, alitokea kwenye meza yao. Akamshika mtoto mkono.

"Unaitwa nani, mjukuu wangu?"

"Sovili."

"Ndiyo nini hiyo?"

Tekla aliokota tofali lililoshikilia turubai, akampiga nalo usoni. Alipoanguka, akampiga tena mdomoni, meno yakatoka.

"Ulikuwa unalisikia kila siku! Kila siku, baba!"

Esnath alimkumbatia kwa nyuma, akamvuta kwa nguvu zake zote. Watu wakampakia Aroni kwenye bajaji. Hakushtaki, wala hakurudi tena.

Tekla alikaa juu ya ndoo akitapika. Hakujuta, lakini hakufurahi pia. Esnath alimfuta mdomo kwa kitenge, akambeba mtoto aliyekuwa akilia, kisha akainama kuokota ndizi zilizomwagika barabarani kabla magari hayajazikanyaga.