Chipsi Mayai Mpaka Naliendele

Naona haya hata kusimulia, lakini kwa kuwa Magomeni nzima inanicheka bila kuniomba ruhusa, bora mnisikie mwenyewe.

Bi Somoe ni mamantilie wa mtaani kwetu, na huyo mama kichwa anacho. Nesi alimweleza kila chakula kinataka utembee dakika ngapi ndipo kiishe mwilini, yeye akaona wateja wake hawana habari na dakika, basi akabandika makaratasi ukutani yenye majina ya mahali: andazi mpaka msikitini, soda mpaka sokoni, chipsi mayai na soda mpaka Naliendele, kule nje kabisa ya mji. Watu wakaanza kuomba uji na maharage wenyewe, bila kugombezwa na mtu!

Mimi sasa, mwenyekiti wa kikundi cha jogging cha mtaa (mwenye kitambi, ndiyo, chekeni mmalize), nilishasikia wanachama wananong'ona kwamba wanibadilishe, na kile cheo nakipenda jamani, ndicho kinachonipa heshima mtaani. Kwa hiyo Jumamosi, tumetoka kukimbia, wote wapo kwa Bi Somoe wanakunywa uji, nikaona niwafunge midomo.

"Bi Somoe, lete chipsi mayai na soda! Naliendele naenda kwa miguu, sasa hivi."

"Mwenyekiti, karatasi umeisoma lakini?"

"Nimeisoma, mama."

Nikala nikamaliza, nikaondoka napigiwa makofi, na hata sijafika mbali kichomi kimenibana, nikageuka nyuma sioni mtu, nikasimamisha bajaji. Kufika Naliendele nikajimwagia maji ya chupa shingoni (eti jasho), nikasimama penye kibao cha Naliendele, nikapiga picha nikaituma kwenye grupu: "Mwenyekiti nimefika!"

Kwa furaha ile saa sikuitazama. Nilikuwa nimeondoka dakika ishirini tu zilizopita.

Mara ukaingia ujumbe wa sauti wa Bi Somoe, wa upole kabisa: "Mwanangu, mimi nilitumia saa mbili na robo. Kila karatasi niliyobandika nilitembea kwanza mwenyewe, saa mkononi, nisije nikawadanganya watu. Wewe umepaa?"

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Nilidhani yale majina kayabuni tu jikoni, kumbe mama wa watu, na miaka yake ile, ameyapima kwa miguu yake jua linawaka, kwa ajili ya matumbo yetu.

Nikarudi kwa miguu kweli, bajaji zinanipigia honi, sikuinua mkono. Nimefika adhuhuri nachechemea, wanachama wamekaa pale pale, na mmoja alishaanza, "Jamani, huyu tumtoe..." Bi Somoe akamkatisha: "Mwacheni anywe maji kwanza. Kurudi ametembea, viatu hivyo hapo vimejaa vumbi."

Cheo wameniachia, ila nimeapa sitakula tena ili nionekane. Siku hizi nikisogea ukutani pale nasoma karatasi polepole, namfikiria aliyetembea kuiandika, halafu naagiza uji.