Chupa ya Karani

Watu husema lisemwalo lipo, lakini hili halikuwapo: karani wa mahakama hakuwa mlevi. Ile chupa waliyomwona nayo barazani, mikono ikimtetemeka, ilikuwa ya maji. Alikuwa akipuliza mapovu kwa mrija, kama alivyoelekezwa hospitalini, maana ugonjwa wa Parkinson, ule unaotetemesha viungo, ulikuwa umemla sauti, ile iliyoita mashahidi wakaisikia hadi barabarani.

Mkewe alikaa kando yake kila asubuhi.

"Vuta kwa tumbo, baba. Haya, toa polepole."

"Unanifundisha kupumua, mama? Mbona nilizaliwa najua," alinong'ona, wakacheka.

Wiki ya saba ya mazoezi hayo, karani alitoka kunyoosha miguu. Mkewe akiwa jikoni, akasikia kutoka nje: "Mama watoto! Fungua!" Sauti nzima, ya ujana wao. Alikimbia, akashika komeo, kisha akatulia. Hakufungua, ili aitwe tena.

Akaitwa tena, kwa jina la siku za uchumba, ndipo akafungua.

Leo karani hayupo tena, na mjane wake akipita mlango ule, mkono wake bado hushika komeo, na masikio husubiri.

Majirani wanauliza ni jina gani. Hawataambiwa.