Baba alizidiwa katikati ya mafunjo ya Ziwa Rweru, na watu tusiowajua wakaturudisha

Wakuu, amani kwenu nyote mlioko humu.

Leo naomba niweke hapa kitu kilichotupata mimi na baba yangu mzazi. Picha sina, maana simu yenyewe ilizama, kwa hiyo mtaniamini tu. Nitaeleza kilivyotokea, sitaongeza chumvi.

Kwa wasionifahamu: mimi ni mama wa watoto, mshonaji, nina cherehani yangu pale Magarama, Gitega, huku Burundi. Nilizaliwa na kukulia Tanzania, kwenye kambi ya wakimbizi, ndiyo maana majirani wananicheka. "We unasema Kiswahili kama redio," wananiambia. Sawa tu, nimeshazoea.

Baba ni mtu wa kaskazini, mkoa wa Muyinga, komini ya Giteranyi. Alikimbia vita akiwa kijana, ndiyo kwanza ameoa.

Kambini hakukuwa na ziwa wala mto wa maana. Kulikuwa na bomba na foleni ya ndoo, basi. Lakini huyo mzee alikuwa anaongelea samaki kuliko mtu yeyote niliyewahi kumjua. Jinsi kambare anavyovuta taratibu kama mtu anayejaribu mlango. Jinsi sato anavyogonga mara moja na kukimbia. Tunamsikiliza huku tunakula maharage ya mgao, na tunaona kabisa tumeshiba samaki.

Amani iliporudi, na sisi tukarudi. Mume wangu kwao ni Gitega, tukaenda huko, na baba akaja kukaa kwetu kwa sababu mama alishafariki. Kwao hakwenda. Nikimuuliza, ananijibu, "Niende kwa nani? Niliowajua hawapo."

Naacha hapo, sitaki kuingiza siasa kwenye uzi.

Sasa mzee ana kisukari, na kimeanza kumla macho. Siku moja tumetoka kliniki, tunatembea mdogo mdogo, akaniambia, "Mwanangu, kabla sijawa kipofu, nipeleke nikavue. Hata mara moja."

Wakuu, ungekuwa wewe ungekataa?

Tukafunga safari. Gitega, Muyinga mjini, tukalala, asubuhi Giteranyi, halafu baiskeli mpaka ziwani. Yule mwenye baiskeli alimpakia baba kwa heshima kama anabeba mayai.

Pale ufukoni tukamkuta mvuvi mmoja, Bosco, mtu wa umri wangu hivi, anapanga nyavu zake kwenye mtumbwi. Baba akamsalimia, akamwambia hatafuti samaki wa kuuza, anataka tu kushika mshipi tena.

Bosco akamtazama. Akanitazama na mimi, na kitenge changu na mkoba.

"Na mama naye iko naingia?"

"Anaingia," baba akasema. "Huyo ndiye daktari wangu."

Bosco akacheka. Halafu akaanza kutoa nyavu zake, moja moja, akaziweka kwenye majani ili tupate nafasi ya kukaa. Siku yake ya kazi ikawa imeisha hapo.

Wakuu, sijui niwaelezeje saa zile za kwanza. Maji yametulia, mafunjo pembeni, ndege wanapiga kelele. Baba macho hayaoni vizuri lakini vidole vinaona. Alikuwa ameshika mshipi kwa kidole kimoja, kichwa kimeinama upande, kama anasikiliza simu. Mara akavuta, nikaona sato anang'aa juu ya maji!

Baba akacheka cheko ambalo sikuwahi kulisikia maisha yangu yote. Cheko la kijana. Nikageuza uso nijifanye natazama ndege.

Sasa tuje kwenye lenyewe.

Rweru ina kitu ambacho mimi sikukijua. Mafunjo yake mengine hayakushika ardhi, yanaelea. Ni visiwa kabisa, na upepo ukija vinatembea. Bosco alikuwa anajua na alikuwa anatazama, lakini siku hiyo upepo uligeuka ghafla. Tulikuwa kwenye kijighuba kidogo, tunageuka hivi, mlango wa kutokea umefungwa. Mbele mafunjo, nyuma mafunjo.

Bosco akasimama, akasukuma kwa upondo. Mtumbwi ukayumba, mkoba wangu ukaenda majini. Chakula chote, simu, na ile soda ambayo sisi wenye wagonjwa wa kisukari hatutoki nyumbani bila kuwa nayo.

Mwenye mgonjwa wa hivi ameshajua ninakokwenda. Mzee alikuwa amemeza dawa alfajiri, na kwa furaha ya safari aligusa uji kidogo tu. Dawa ile bila chakula hushusha sukari kupita kiasi.

Jua likapanda. Bosco anasukuma, hakuna kitu. Mara naona baba ametoa mshipi mkononi. Jasho linamtiririka, mikono inatetemeka. Nikamwita. Akanijibu kwa kuniita jina la mama.

Halafu akaanza kuniambia tufungashe vyombo haraka, tuondoke, wanakuja.

Wakuu, nilipiga kelele. Sina aibu kusema. Nilipiga kelele mpaka koo likauma.

Bosco naye akaweka mikono mdomoni akaita kwa Kirundi, kwa sauti ndefu ile ya kilima kwa kilima. Akaita tena. Na tena.

Ng'ambo ya mafunjo, mtu akaitika.

Walikuwa wakata mafunjo, wale wanaokata ya kusukia mikeka. Wanaume wawili na mwanamke. Hatuwaoni, tunasikia tu mapanga yanakata kuja kwetu. Kule hakuna wa kukuhakikishia kwamba chini hakuna kiboko. Wanaume walikuwa wanalala kifudifudi juu ya mafunjo ili yasiwazamishe, wanakata, wanasogea, wanakata. Bosco akawarushia kamba. Wakatuvuta.

Tulipofika kwao baba alikuwa amelegea, lakini bado macho yamefunguka. Nikasema, "Sukari! Chochote kitamu, jamani!"

Yule mwanamke, Mama Jeanine, akakimbilia kidumu chake kilichokuwa kivulini. Mutobe, ile juisi ya ndizi kabla haijawa pombe. Ndiyo ilikuwa chakula chao cha siku nzima. Akamimina kwenye kikombe cha plastiki, akampelekea baba mdomoni.

Baba akafunga mdomo.

Akageuza uso. Nikambembeleza, "Baba, kunywa." Akatikisa kichwa. Kwenye akili yake alikuwa bado yuko njiani anakimbia, na njiani hupokei kinywaji kwa mtu usiyemjua. Hilo ndilo lililomfikisha Tanzania akiwa hai, nitamlaumuje? Lakini nilikuwa naona anaondoka mikononi mwangu, na dawa iko pale imegusa midomo yake.

Mama Jeanine hakukasirika. Alipiga magoti kwenye matope, akaleta uso wake karibu kabisa na wa baba, pale macho yake yanapoweza kuona. Akanywa yeye kwanza. Funda moja, taratibu, amuone. Akafuta ukingo wa kikombe kwa kiganja.

"Muzehe, umeona? Mi nimeshakunywa. Sasa ni zamu yako."

Kwetu Burundi mwenye kinywaji huonja kwanza ndipo akupe. Ni desturi, hata kwenye sherehe tunafanya, hatufikirii. Siku ile ndiyo nilielewa inafanya kazi gani.

Baba akamtazama. Akafungua mdomo.

Akanywa kidogo, akanywa tena. Mama Jeanine anamshika kisogo kama anamnywesha mtoto, anasema, "Ni hivyo, ni hivyo." Mimi nimekaa chini nalia kama mjinga.

Baada ya muda mikono ikaacha kutetemeka. Baba akaangalia huku na huku, akaniuliza, "Samaki wangu iko wapi?"

Wote tukaangua kicheko, hata wale wanaume ambao miguu yao ilikuwa inatoka damu kwa kukatwa na majani.

Basi wakampandisha kwenye baiskeli yao, mmoja anashika usukani, mwingine kamzuia mgongoni, tukaenda kituo cha afya. Muuguzi akampima, akasema tumewahi, ale na apumzike, asisafiri siku ile.

Nikaanza kuwaza tutalala wapi. Mama Jeanine akanishangaa. "Kwani mi sina nyumba?"

Tukala kwake ugali wa muhogo na yule sato. Tukiwa tumekaa mezani, akamuuliza baba swali la kawaida kabisa kwetu, ambako kilima ndicho kijiji, "Muzehe, mnatoka kilima gani?"

Baba safari nzima alikuwa anajibu "Gitega". Kwa mwenye baiskeli, kwa Bosco, kwa kila mtu. Nikasubiri aseme Gitega.

Akataja kilima chake. Akataja na jina la baba yake. Mimi mwenyewe jina la babu nilikuwa nalisikia kwa mara ya pili maishani.

Mama Jeanine akafikiri, akasema, "Huyo simjui, mi niliolewa huku baadaye. Lakini kilima kiko hapo juu tu. Kesho mtapita."

Kesho yake Bosco akaja na baiskeli, akamsukuma baba mpaka huko. Sitawadanganya kwamba tulikuta ndugu. Hatukumkuta hata mmoja. Tulikuta shamba la maharage na mtu anayelilima, familia nyingine kabisa. Baba akasimama njiani anaangalia, sijui alikuwa anaona nini kwa macho yale.

Yule mkulima akaacha jembe, akaja. "Amahoro, muzehe. Unatafuta mtu?"

"Hapana," baba akasema. "Zamani nilikuwa nakaa hapa. Napita kusalimia."

Nikamsogelea baba haraka, wakuu. Kwenye nchi yetu maneno kama hayo juu ya shamba yanaweza kuamsha ugomvi, maana wengi waliokimbia walirudi wakakuta mashamba yao yana watu wengine.

Yule mtu akavua kofia. Akaingia ndani, nikasikia wanaongea na mkewe. Akatoka na kigoda, akakiweka pale pale ukingoni mwa shamba, akakipangusa kwa mkono.

"Basi kaa kwanza," akamwambia. "Mtu hasalimii nyumbani akiwa amesimama."

Baba akakaa. Akakaa muda mrefu. Na yule mtu akachuchumaa pembeni yake, wakaanza kuongea habari za mvua.

Mimi na Bosco tukasogea mbali kidogo tukawaacha.

Wakuu, nilichojifunza ni hiki. Nimekaa miaka nikidhani kurudi ni kuvuka mpaka na kupata pa kulala. Kumbe mtu anaweza kuwa amerudi siku nyingi na moyo wake bado uko njiani, mpaka atokee mtu ambaye hana deni lolote kwake, amwambie kaa. Na huyo mtu unaweza kuwa wewe, leo, kwa mgeni yeyote aliyepotea mbele yako. Haihitaji uwe na kitu kikubwa.

Na mwenye mgonjwa wa kisukari, tafadhali, kitu kitamu kiweke mfukoni, usikiweke mkobani.

Kama na wewe uliwahi kuokolewa na mtu usiyemjua, iwe ziwani, barabarani, popote, tuandikie hapa chini. Baba hawezi kusoma tena, lakini jioni huwa namsomea, na amesema anataka kuwasikia wote.