Vituo Kumi Njiani Kwenda Garissa

Niliondoka Bura kwa sababu ya shindano. Mwalimu wetu wa hesabu, huko Garissa, alitutaka tuchore vituo kumi, kila kimoja na njia tatu tu, na mtu aweze kutoka popote kufika popote bila kupita njia zaidi ya mbili. Wenzangu walikwama kwenye vituo vinane. Mimi nilipata vyote likizoni, nikichunga ndama, ambao hawakunipongeza.

Alfajiri nilipanda lori la Abti Gurey, yaani Mjomba Gurey, kaka wa mama yangu, lililojaa ngozi za mbuzi. Gurey maana yake ni mwenye shoto. Kwetu kasoro yako ndiyo jina lako: anayechechemea ni Langaare, mrefu ni Dheere, na hakuna anayenuna. Vituo vyangu nilivipa majina hayo, na kimoja nikakiita mwalimu mkuu, maana herufi zinachosha. Abti nilimweka juu kabisa, kwa heshima.

Katikati ya njia tulisimamishwa kwenye kizuizi. Ilikuwa miaka ya shifta, waasi waliopigana na serikali, na kila abiria alipekuliwa. Askari akakuta mchoro mfukoni mwangu, akampa sajini.

"Gurey ni nani?"

"Mimi," abti akaitikia kwenye usukani, akidhani anaulizwa dereva.

Wakamshusha. Sajini akanigeukia. "Na hii mistari?"

Nikamweleza kama niko darasani. "Kila mmoja ameunganishwa na watatu tu, afande."

"Na wale wengine, yeye hawajui?"

"Hana haja nao. Habari ikitoka kwa yeyote, inawafikia wote kwa hatua mbili. Hata ukimwondoa mmoja, waliobaki bado wanafikiana. Ndio uzuri wake."

"Nani amekufundisha haya?"

"Serikali."

Hakucheka mtu.

"Afande, hii kijana bumbafu tu, wallahi," abti akasema. Akapigwa kofi, akafungwa mikono kwa kamba.

Adhuhuri tulifika Garissa, sote wawili chini ya ulinzi. Niliomba aitwe mwalimu. Alikuja na chaki mkononi, moja kwa moja kutoka kwenye shindano, akautazama mchoro muda mrefu mno.

"Enhe?" sajini akauliza.

"Ni sahihi kabisa," mwalimu akajibu, macho yanang'aa.

Bunduki zikasogea. Hapo ndipo alipokumbuka kutoa karatasi ya maswali.

Alasiri abti aliachiwa. Mchoro ulibaki kwa sajini, na ushindi ukaenda kwa kijana wa vituo vinane.

Kesho yake tulirudi na msafara. Abti aliendesha, alama za kamba mikononi. Nilichojifunza ni kwamba A, B na C hazina wajomba, wala haziitiki zikiitwa. Karibu na Bura akafungua mdomo.

"Mimi uliniunganisha na nani?"

"Langaare, Dheere na mwalimu mkuu."

"Watatu tu?"

"Ndiyo sheria, abti."

Akatema mate dirishani. "Dereva mzima, watu watatu!"